Sumaku ya Sentimita 33

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na mafundi wa karakana, Dar es Salaam

Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wanafunzi, nanyi mafundi mliofunga karakana mapema mkaja kutoka Gerezani: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za jioni. Nimepewa muda mfupi na nimeombwa nisijaze ubao hesabu. Hesabu nitapiga mara moja tu, na hapo naomba mnivumilie, maana bila hiyo haya yote yataonekana ni mazingaombwe.

Nimekuja kuzungumzia kifaa kinachoitwa anduleta. Ukikifungua utakuta safu mbili za sumaku zinazotazamana, moja juu na moja chini, na kati yake mwanya ambao kidole cha shahada kitapita kwa shida. Sumaku hizo zimepangwa kwa kupishana, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, zaidi ya mara mia katika mita moja. Kwenye mwanya ule hupitishwa elektroni zinazokimbia kwa kasi inayokaribia kabisa ile ya mwanga. Zikifika kwenye ncha moja husukumwa kushoto, zikifika kwenye ncha inayofuata husukumwa kulia, na katika kuyumba huko hutoa mwanga. Mwanga wenyewe ni eksirei.

Msifikirie eksirei ya kifua. Ile hutawanyika, na ndani yake kuna mchanganyiko wa mawimbi ya kila urefu. Hii ya anduleta hutoka ikiwa nyembamba mno, mawimbi yake yakikaribia kulingana, na ung'avu wake unapita ule wa mashine ya hospitali mabilioni ya mara. Ndiyo inayotumika kusoma jinsi atomi zilivyopangwa ndani ya chuma, ndani ya betri, ndani ya dawa, ndani ya protini. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford na wenzao walitangaza umbo la RH5, protini ambayo kimelea cha malaria huitumia kama njia ya kujipenyeza kwenye chembe nyekundu ya damu. Umbo hilo lilisomwa kwa eksirei za sinkrotroni, yaani mashine ya duara inayozungusha elektroni ili zitoe mwanga. Chanjo inayolenga protini hiyohiyo imeshafanyiwa majaribio hapa jirani, Bagamoyo, kwa watu wazima na watoto, pamoja na wenzetu wa Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa hiyo mtu akiniuliza mambo ya sumaku za maabara za ng'ambo yanatuhusu nini sisi wa Dar, mimi humwelekeza barabara ya Bagamoyo.

Historia nitaipita haraka. Mwanga wa elektroni zinazopindishwa ulionekana kwa macho mara ya kwanza Aprili 1947, kwenye kichapuzi, yaani mashine ya kuzipa chembe kasi, cha kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani. Kwa wanafizikia wa wakati ule ilikuwa hasara tupu: nishati waliyohangaika kuzipa elektroni ilikuwa inavuja. Mwaka huohuo Vitaly Ginzburg, Mrusi, akaeleza kwa nadharia kwamba ukizipitisha elektroni kwenye sumaku zinazopishana unaweza kuutumia uvujaji huo kwa faida, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hans Motz akaijenga anduleta kwa mikono, Stanford.

Sasa ile hesabu. Tukichukulie kichapuzi cha Advanced Photon Source, pale maabara ya Argonne, nje kidogo ya Chicago. Ni duara lenye mzunguko wa mita 1,104, na elektroni zake zimepewa nishati sawa na kusukumwa kwa volti bilioni 6. Kwa mujibu wa Einstein, elektroni yenye nishati hiyo huona kila kilicho mbele yake kimefupika mara 11,700 hivi. Sisi tumezipanga sumaku kwa hatua ya milimita 18, kutoka kaskazini moja hadi kaskazini inayofuata. Elektroni haioni milimita 18. Inaona maikromita moja na nusu, na mwanga inaoutoa ni wa kipimo hicho. Lakini elektroni yenyewe inatujia sisi tuliosimama mbele yake, inaufukuzia mwanga wake, kwa hiyo mawimbi yanabanwa tena, safari hii mara 23,400. Gawanya mara mbili hizo. Milimita 18 zimegeuka kuwa nanomita 0.07 hivi. Ukiongeza nguvu ya sumaku, njia ya elektroni inajipinda zaidi na urefu wa wimbi unapanda hadi nanomita 0.1, ambao ni upana wa atomi.

Hesabu imekwisha, lakini matokeo yake ndiyo yaliyonipandisha jukwaani. Ukitaka mawimbi mafupi zaidi, una njia mbili. Ya kwanza ni kuziongezea elektroni nishati, yaani kujenga duara kubwa zaidi, na hapo unazungumzia fedha za kujengea mabwawa ya umeme. Ya pili ni kupunguza hatua ya sumaku kwa milimita chache. Hii ya pili ni kazi ya karakana. Mashine ya kilomita nzima inategemea milimita zinazochongwa na mtu aliyeinama kwenye mashine ya kukerezea, na kwa maoni yangu hapa ndipo sisi tunapoweza kuingia.

Milimita hizo nazo ni wabishi. Kila unapozisogeza ncha za sumaku karibu karibu, uga wao, yaani nguvu ya sumaku inayoenea kuzizunguka, wa kaskazini na wa kusini hufutana kabla haujafika katikati ya mwanya, na hufifia kwa kasi kubwa sana. Elektroni hubaki na uga dhaifu, huyumba kidogo, mwanga huwa hafifu. Na mwanya huwezi kuuziba upendavyo, kwa sababu elektroni zinahitaji bomba lenye ombwe, yaani lisilo na hewa, la kupitia na bomba linahitaji kuta.

Kwa miaka mingi jibu la tatizo hili limekuwa sumaku za kudumu. Klaus Halbach wa Berkeley ndiye aliyeonyesha namna ya kupanga vipande vyake hadi uga ukajaa upande mmoja, na anduleta nyingi zinazofanya kazi duniani leo ni za ukoo huo. Hazili umeme, hazihitaji baridi, na mimi siwezi kuzisema vibaya. Ila zina ukomo: kipande cha neodimiamu kikishatoa uga wake, hakuna kitasa cha kuongeza. Tena zinaishi jirani na mionzi ya kichapuzi, na mionzi huzidhoofisha polepole.

Mafundi wa mota mtauliza: kwa nini wasizungushe koili? Hilo ndilo swali ninalolipenda. Nyie mnajua kwamba waya wa shaba kwenye mota huwa mnauwekea ampea nne, sita, kwa kila milimita ya mraba. Ukizidisha sana vanishi inanukia, na mteja anarudi. Anduleta ya hatua ya milimita 18 inahitaji zaidi ya ampea elfu moja kwa kila milimita ya mraba. Shaba ingeyeyuka kabla hujamaliza kusoma mita. Hapo ndipo inapoingia supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote.

Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, aliigeuza heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908, na mwaka 1911 akagundua kwamba zebaki ikipoozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri ukinzani wake wa umeme unatoweka. Haupungui; unatoweka. Alitaka palepale kutengeneza sumaku kali, lakini metali alizokuwa nazo ziliupoteza usupakondakta mara tu uga ulipopanda kidogo. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960, walipopatikana ndugu wawili wanaobeba sekta yote hii mpaka leo: aloi ya niobiamu na titaniamu, na mchanganyiko wa niobiamu na bati. Wa kwanza ni mpole, unapindika, unavutwa kuwa waya kama shaba. Wa pili una nguvu zaidi na tabia mbaya. Nitarudi kwake.

Anduleta ya supakondakta si wazo jipya. Katika miaka ya 1970 John Madey alitumia moja ya urefu wa mita 5.2 huko Stanford, kwenye leza ya kwanza ya elektroni huru. Kuitengeneza iwe ya kutumika kila siku, kwenye kichapuzi kinachohudumia watafiti usiku na mchana, ndiko kulikochukua miongo. Argonne waliweka ya kwanza ya kwao na kuanza kuitumia mwaka 2013. Sumaku yake ilikuwa na urefu wa sentimita 33 tu, hatua milimita 16, waya wa niobiamu na titaniamu. Kwa eksirei za nishati ya juu, yaani za mawimbi mafupi, kisumaku kile kilitoa mwanga mwingi kuliko anduleta ya kawaida ya zaidi ya mita mbili iliyokuwa kwenye mstari huohuo. Ikafuata ya mita 1.1 mwaka 2015, halafu mwaka 2018 ikafuata iliyozungushwa kwa mfano wa skrubu. Wajerumani wa Karlsruhe nao walikuwa wanakwenda na zao sambamba, wakishirikiana na kiwanda.

Zile sentimita 33 zikumbukeni. Na kabla yake walishatengeneza vipande vifupi zaidi, vyenye ncha chache tu, vya kujaribia. Nchi tajiri, maabara tajiri, na bado walianza na kitu unachoweza kukibeba kwapani.

Sasa tuingie karakana. Unaanza na kiunzi cha chuma laini, kirefu, kilichochongwa mifereji ya kulaza waya. Waya una unene usiofika milimita moja. Ndani yake mna nyuzi nyembamba za niobiamu na titaniamu zilizozikwa ndani ya shaba. Unazungusha mfereji wa kwanza hadi ujae, tabaka juu ya tabaka, halafu unahamia wa pili na kuzungusha kinyume, wa tatu unarudi kule, hadi mwisho. Hukati waya. Kipande kizima, kama inawezekana, kinatoka kwenye roli moja, kwa sababu kila kiungo ni mahali pa kuzaliwa joto. Mnaojua kuwaindi mota mtaona kazi hii mnaifahamu asilimia themanini. Asilimia ishirini iliyobaki ni kipimo.

Na hapo kwenye kipimo naomba nikae kidogo. Gari likizama Jangwani wakati wa masika, watu kumi wakilisukuma kila mmoja kwa wakati wake halitoki. Mmoja akiita harambee na wote wakaweka bega kwa mpigo mmoja, linatoka. Mwanga unaotoka kwenye kila mpindo wa elektroni vilevile lazima ukutane na mwanga wa mpindo uliotangulia kilele kwa kilele. Mfereji mmoja ukiwa mpana kupita wenzake, au waya ukikaa juu kidogo kwenye tabaka la tatu, elektroni inafika ncha inayofuata ikiwa imechelewa au imewahi. Mwanga wa mpindo ule unasukuma peke yake. Ndiyo maana kosa la kuchonga na kuzungusha haliruhusiwi kuzidi makumi machache ya maikromita, na unywele wa binadamu ni maikromita sabini hivi. Anduleta za sumaku za kudumu unaweza kuzirekebisha kwa vipande vyembamba vya chuma baada ya kuzifunga. Hii ukishaizungusha na kuimwagia gundi ya epoksi ndani ya ombwe, imetoka. Uzuri wake unauweka mwanzoni au huupati tena.

Epoksi yenyewe si ya urembo; ipo kuushika waya usisogee. Kwenye baridi kali namna ile metali hupoteza karibu uwezo wake wote wa kuhimili joto: tone dogo la nishati linapandisha nyuzi nyingi. Waya ukiteleza maikromita chache tu kwa kusukumwa na uga wa sumaku, msuguano ule unatosha kuipasha sehemu hiyo ikapoteza usupakondakta. Ukinzani unarudi, umeme mwingi unapita kwenye ukinzani, joto linaenea, na kwa kufumba na kufumbua koili nzima imerudi kuwa waya wa kawaida wenye mamia ya ampea ndani yake. Mkato huo ukitokea, mitambo ya ulinzi inatakiwa iwe imeshauona na kuuondoa umeme. Sumaku mpya hukatika mara kadhaa mwanzoni, kila mara kwenye ampea za juu kidogo kuliko awali, mpaka waya utulie mahali pake. Wenyewe husema inafundishwa.

Mnaotaka kujua uzembe wa kiungo kimoja unagharimu nini, tazameni kilichotokea CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, tarehe 19 Septemba 2008. Kiungo kibovu kati ya sumaku mbili za kichapuzi kikubwa cha LHC kilipata joto, mkondo ukaruka, vyombo vya heliamu vikatoboka, tani kadhaa za heliamu zikamwagika ndani ya handaki, na sumaku 53 zikatolewa kwenda kutengenezwa au kubadilishwa. Mashine ilikaa zaidi ya mwaka kabla ya kuzungusha chembe tena. Kiungo kimoja. Fundi anayelaza waya vizuri asije akadhani anafanya kazi ya chini ya profesa.

Nirudi kwa yule ndugu mwenye tabia mbaya. Niobiamu na bati wakishaungana wanakuwa kitu kinachovunjika kama kigae, huwezi kukizungusha kwenye kona ya mfereji. Kwa hiyo waya unazungushwa kabla haujawa supakondakta, bati na niobiamu zikiwa bado zimetengana ndani yake, halafu sumaku nzima inaingizwa kwenye tanuri lisilo na hewa na kuokwa kwa nyuzi 650 hivi, siku kadhaa. Ndani ya tanuri bati linatembea na kuungana na niobiamu. Vanishi ya kawaida ingekuwa majivu, kwa hiyo kinga ya waya ni ya nyuzi za kioo. Kiunzi nacho kikijikunja kwa joto, ile mifereji uliyoichonga kwa maikromita imekwenda na maji. Ikitoka tanurini huwezi kuikunja tena hata kidogo. Watu wa maabara za Argonne, Fermilab na Berkeley wamehangaika nayo zaidi ya muongo mmoja, na mwaka 2023 waliiweka moja ya mita 1.1 kwenye kichapuzi ikafanya kazi. Faida ya uga ilikuwa asilimia ishirini hivi juu ya ile ya titaniamu. Watu walikesha miaka yote hiyo kwa asilimia ishirini. Mimi nadhani walikuwa sahihi, kwa sababu kwa uga huo wa ziada unaweza kupunguza hatua bila mwanga kufifia, na mwanga unapata nishati ambayo duara lilelile lisingeifikia kwa anduleta za zamani.

Baridi. Sumaku inakaa kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na sentimita chache kando yake kuna ukumbi wenye joto la kawaida la binadamu. Sumaku ya sentimita 33 iliwekwa ndani ya chombo cha mita mbili. Sehemu yote iliyobaki ya chombo ni ombwe, ngao za kuzuia joto, na mashine nne za kupoozea. Mashine ya namna hiyo ikiwa kwenye baridi ya heliamu huondoa wati moja, moja na nusu, na kwa kazi hiyo inakula kilowati kadhaa kutoka ukutani. Hiyo ndiyo bei ya baridi, na hakuna mjanja aliyeikwepa. Ndiyo maana bomba la elektroni, ambalo hupata joto kutokana na elektroni zenyewe, haliruhusiwi kuzigusa koili. Linapita katikati yao kwa upenyo mdogo sana, nalo linapoozwa peke yake, likibaki na joto la nyuzi kumi na kitu juu ya koili. Heliamu inachemka, inapanda, inagusa ncha za mashine, inarudi kuwa kimiminika, inashuka. Mfumo ukiwa mzima huiongezei hata tone.

Kuna jambo moja la ufundi linalonifurahisha kila nikilisimulia. Baada ya kupooza sumaku, utaupimaje uga uliomo kwenye mwanya wenye baridi namna ile? Kihisi cha Hall, kile kidude cha kupimia uga, kinabadilika tabia kikipoa. Basi hupitishwa kwenye mwanya bomba jembamba, linapashwa joto kwa mkondo wa umeme hadi joto la chumbani, na kihisi husafiri ndani ya bomba hilo. Kihisi kinakaa kwenye joto la Dar katikati ya sumaku yenye baridi ya anga za mbali, na kinasoma uga nusu milimita kwa nusu milimita. Huyo aliyewaza hivyo alikuwa fundi.

Nakuja nyumbani. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, na visima vya utafiti vilivyochimbwa baadaye vimeikuta kweli. Ilizaliwa kwenye miamba mikongwe, urani na thoriamu zikioza kwa muda usiohesabika, na joto la Bonde la Ufa likaifungulia njia ya kupanda. Karibu na Mbeya kuna kilima cha Panda, chenye niobiamu inayojulikana tangu miaka ya 1950. Kyerwa, Kagera, wachimbaji wetu wanatoa bati. Kwa hiyo heliamu, niobiamu na bati, vitu vitatu vinavyobeba sumaku ya niobiamu na bati, vyote vipo ndani ya mipaka hii.

Najua mnataka kupiga makofi. Subirini. Karibu niobiamu yote ya dunia inatoka Brazil, na sehemu kubwa huyeyushwa na chuma kuimarisha mabomba na madaraja. Ya kutengenezea waya wa supakondakta inatakiwa iwe safi kupita kiasi, na viwanda vya kuivuta kuwa waya vinahesabika duniani. Kilima cha Panda kikichimbwa kesho, tutauza mzigo wa kuchanganya na chuma, halafu tutanunua waya. Bati la Kyerwa linaondoka hivyohivyo. Mtu akisimama jukwaani akawaambia kwamba madini yatatuingiza kwenye teknolojia hii yenyewe tu, muulizeni nani atauzungusha waya.

Na kuna sumaku ya supakondakta mnayopita karibu nayo kila wiki. MRI ya hospitali, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ni koili ya niobiamu na titaniamu ndani ya heliamu, kanuni zilezile za ombwe, ngao, mkato na kupooza. Sehemu kubwa ya waya wa aina hiyo duniani huenda kwenye MRI. Nimeona hospitali moja, siitaji, mashine imesimama kwa sababu mfumo wa kupoozea umegoma na mtaalamu anasubiriwa kutoka nje. Wagonjwa wanapewa tarehe nyingine. Kijana aliyejifunza kupooza koili ya majaribio ya sentimita 30 ndiye anayeweza kuifungua mashine ile bila kutetemeka, na mshahara wake utalipwa na hospitali miaka mingi kabla Afrika haijawa na sinkrotroni.

Maana Afrika haina hata moja. Tangu mkutano wa Grenoble wa mwaka 2015 wapo wanasayansi wa bara hili wanaopigania chanzo cha mwanga cha Afrika, na ninawaunga mkono. Jordan wanacho cha SESAME, kilichozinduliwa 2017, na Misri ni mwanachama. Lakini siwezi kuwaambia vijana hawa wakae wangoje jiwe la msingi. Wenzetu wa Jordan walianza na vifaa vilivyokuwa vimetumika Berlin. Walichokuwa nacho mwanzoni kabisa ni watu waliokuwa wakienda kujifunza kwenye maabara za wengine.

Pendekezo langu kwa chuo hiki na kwa karakana za Gerezani ni dogo, na nimeliandika kwenye karatasi mtakazopewa. Tutengeneze kiunzi chenye ncha kumi, hatua ya milimita 18, kwa chuma tulicho nacho. Tuzungushe kwa waya wa shaba wa kawaida, tuweke mkondo mdogo usiochoma kitu, tupime uga kwa kihisi cha Hall, kilekile kilichomo kwenye mota ya pikipiki ya umeme kinachoiambia imefika wapi. Hakuna heliamu hapo, hakuna ombwe, hakuna kibali cha mtu. Uga utakuwa mdogo mno, lakini makosa ya mifereji na ya tabaka yataonekana wazi kwenye grafu, ncha kwa ncha, kama yangeonekana Argonne. Kundi litakalopata ncha kumi zinazolingana ndilo tutakalolitafutia nafasi ya kwenda kuzungusha waya wa kweli. Umeme ukikatika katikati ya vipimo, mnaanza upya. Hilo nalo ni sehemu ya mafunzo, maana sumaku baridi haikusubiri jenereta iwake.

Mwalimu mmoja ameninong'oneza kabla sijapanda kwamba mashine ya kuchongea ya hapa haifiki usahihi huo. Inawezekana. Ndiyo maana nimeomba mafundi waje. Pale mezani, karibu na mlango, kuna viunzi viwili vilivyochongwa mjini hapahapa na karakana mbili tofauti. Sijavipima. Mikrometa ipo, daftari lipo, na mifereji nimeipa namba kwa wino. Wa kwanza waje mafundi, wanafunzi waandike.